Steringi ni nani kwenye ile muvi ya meli kutekwa?

Mama Kibanda (Chang'ombe, Dodoma):

Habari za jioni wadau. Nina banda la video huku Chang'ombe, huu mwaka wa sita. Mabati, mabenchi kumi na mawili, projekta moja na sabufa mbili, moja spika imepasuka ila kwenye mabomu bado inanguruma. Kiingilio 500, siku ya mpira mkubwa 1,000. Naeleza hivi mjue mapema kwamba uchambuzi wa filamu siujui. Kazi yangu ni kukaa mlangoni na kopo la chenji. Nusu ya muda naangalia ukutani, nusu naangalia watu, na kusema kweli watu ndio wananipa raha zaidi.

Jumamosi niliweka Captain Phillips, ile ya mwaka 2013 ya Tom Hanks. Najua ni ya zamani, lakini kijana anayenijazia flashi aliniapia kwamba itajaza banda. Ilikuwa ya kutafsiriwa, yaani kuna mtu anayeongea Kiswahili juu ya sauti ya muvi. Waliingia watu kama sitini, wengine wamekaa chini kwenye viroba.

Sasa kwangu, kabla hata majina hayajamaliza kupita, swali ni moja tu: steringi, yaani mhusika mkuu, ni nani? Ukishamjua umetulia, maana steringi hafi. Basi akaonyeshwa mzungu wa makamo na ndevu za mvi, yuko kwenye gari na mkewe wanaelekea uwanja wa ndege, wanaongea habari za watoto. Watu wakaguna. "Huyu? Huyu si mwalimu mkuu huyu?" Mara ikaja Somalia, ufukweni, wenye bunduki wamefika na magari wanawafokea wanakijiji kwa nini hawajaingia baharini. Akajitokeza yule mwembamba, Muse, mbavu unazihesabu, macho yanawaka. Benchi la nyuma mtu akapaza sauti: "Steringi huyo!"

Ulikuwa utani, lakini kuanzia hapo banda likagawanyika. Maharamia walipofika na ile ngazi ya kutundika ubavuni mwa meli, nusu wanapiga kelele "panda, panda!" na nusu "mwagieni maji hao!" Mafundi gereji wawili ambao ni marafiki wa siku zote nilikwenda kuwaamulia.

Kuna jambo jingine. Benchi la pili huwa anakaa kijana wa Kisomali, anauza vipuri vya malori, amezaliwa hapa hapa Dodoma. Kila maharamia wakiongea, mtafsiri anaweka lake, "leo tunakula kuku jamani," watu hoi kwa kicheko, yeye kimya. Halafu watu wakinyamaza, yeye ndiye anacheka peke yake. Nikamuita nje. Akaniambia, "Mama, huyo mtafsiri Kisomali hajui hata neno. Anatunga tu. Pale hakuna kuku. Wanagombana nani mwenye amri."

Sasa mwisho. Wanajeshi wakafyatua, risasi zote kwa mpigo mmoja, banda likalipuka. Mabenchi yakapigwa, watu wakakumbatiana, halafu wakainuka na kutoka. Steringi kapona, biashara imeisha. Na mtafsiri naye akaanza kuaga, anataja namba ya simu na duka lake. Ukutani muvi inaendelea! Nahodha ameingizwa chumba cha matibabu, amelowa damu ambayo nyingi si yake, dada wa jeshi anamuuliza unaumwa wapi, na mzee wa watu hawezi kujibu. Anatetemeka. Midomo inacheza, maneno hayatoki. Nilikuwa nimebaki mimi na mtoto anayefagia.

Mume wangu nilimzika mwaka 2019. Msibani sikutetemeka. Nilitetemeka siku ya tatu, watu wameshaondoka, nasugua sufuria kubwa la kukodi. Hivyo hivyo, midomo inacheza.

Nawauliza basi. Mlioiona, nyie mlimshika nani kuwa steringi? Na nikiirudia bila tafsiri, kuna mtu ataingia kweli, au nitakuwa nachoma umeme?

—

Kijana wa Ihumwa:

Mama Kibanda, sheria ya kibanda umiza haijabadilika: steringi ni yule asiyekufa. Nahodha hakufa. Muse naye hakufa, kachukuliwa Marekani. Kwa hiyo matokeo ni sare.

Mimi niliitazamia kwenye simu, ndani ya treni ya umeme natoka Dar. Pale mabaharia walipozima taa na kujificha kwenye chumba cha injini, ndipo treni ikaingia handakini kule Kilosa. Giza ndani, giza nje. Mama wa kiti cha pili aliniuliza kama naumwa.

—

Msomi wa Chimwaga:

Naomba niweke kumbukumbu sawa, maana naona hapa watu wanaongea kama ni hadithi ya kubuni. Tukio ni la kweli. Meli ilikuwa Maersk Alabama, imetekwa tarehe 8 Aprili 2009 ikielekea Mombasa, ina mabaharia 20, na ndani ya mzigo kulikuwa na chakula cha msaada. Watekaji walikuwa wanne. Nahodha alikaa nao kwenye boti ya kuokolea mpaka tarehe 12, ambayo ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Watatu walipigwa risasi. Muse alihukumiwa New York mwaka 2011, miaka 33 na miezi tisa.

Aliyemwigiza, Barkhad Abdi, hakuwa mwigizaji. Mzaliwa wa Mogadishu, amekulia Yemen kisha Minneapolis, na aliwahi kuendesha magari ya kifahari ya kukodi. Muvi yake ya kwanza, akateuliwa kuwania Oscar na akashinda tuzo ya BAFTA ya Uingereza. Mwongozaji Paul Greengrass hakutaka Hanks akutane na wale vijana kabla ya kamera kuwashwa. Mara ya kwanza kuonana ni pale wanapovamia chumba cha usukani. Mshtuko mnaouona pale una ukweli ndani yake.

Nina lawama moja. Muvi imempa nahodha sifa zote, wakati baadhi ya mabaharia wake walikwenda mahakamani wakidai meli ilipitishwa karibu mno na pwani ilhali tahadhari zilikuwa zimetolewa. Mtazamaji wa kawaida hilo halioni.

—

Mama Kibanda:

Msomi asante, ungekuwepo Jumamosi ungeamulia wale mafundi gereji. Hukujibu lakini. Steringi nani?

—

Msomi wa Chimwaga:

Swali lenyewe lina kasoro.

—

Mama Kibanda:

Haya.

—

Samaki wa Mtera:

Mimi nilikuwa na Muse, sifichi. Nanunua samaki bwawani Mtera napeleka Dodoma na Iringa. Yule kijana anapoeleza kwamba meli kubwa za nje zilikuja zikasomba samaki wao, hilo sihitaji kutafsiriwa na mtu. Serikali ya Somalia ilianguka mwaka 1991, bahari ikabaki haina mwenyewe. Huku kwetu kokoro likipita usiku linasomba mpaka vitoto vya perege. Asubuhi mwenye nyavu za halali anarudi na ndoo ina maji. Hasira ya mtu wa namna hiyo naijua inavyonuka.

Lakini kuna sehemu mbili zilinitoa kwake. Kwanza nahodha anamwambia chukueni dola elfu thelathini zilizo kwenye sefu, shikeni boti mwende zenu. Elfu thelathini! Anakataa. Pili, anajisifu kwamba mwaka uliotangulia aliteka meli ya Wagiriki wakapata dola milioni sita. Nahodha anamuuliza, sasa kama ulipata milioni sita, hapa unafanya nini? Anakosa jibu.

Kwangu muvi nzima iko pale. Bwawani tuna watu tunawaita matajiri. Tajiri ana boti, ana injini, ana nyavu. Kijana anaingia majini usiku, anapigwa baridi, akirudi anadaiwa mafuta, anadaiwa chakula, anadaiwa nyavu iliyochanika. Msimu unaisha anadaiwa yeye. Muse alikuwa na tajiri wake huko nchi kavu, na tajiri huyo kwenye boti la kuokolea hayumo. Kamtazame tena mwanzo, wale waliokuja na magari. Wanaonekana dakika chache, hawarudi, hawapigwi risasi.

Kwa hiyo steringi simjui, ila adui namjua, na mwisho wa muvi yuko nyumbani kwake.

—

Kijana wa Ihumwa:

Samaki wa Mtera umeua. Naondoa sare yangu.

—

Baharia Mstaafu (Hombolo):

Mbukwenyi. Nimechelewa kusoma, tulikuwa tunapogoa zabibu.

Mimi ni Mgogo niliyekwenda baharini. Msicheke. Nilianza kama kibarua wa bandari pale Dar mwaka 1988, nikaja kuwa baharia wa sitaha, nimeacha 2013. Siku hizi vijana wa mjini kila mmoja anajiita baharia kwa sababu ana wanawake wawili. Mimi nilikuwa baharia wa kupaka rangi na kukwangua kutu.

Mwaka 2010 tulipita Ghuba ya Aden na shehena ya ngano. Nieleze kidogo muelewe kwa nini muvi ile siwezi kuitazama nimelala. Maharamia hawachagui meli kwa bendera, wanaangalia mwendo na urefu wa ubavu kutoka majini. Meli inayokwenda zaidi ya maili kumi na nane za bahari kwa saa wanahangaika nayo. Yetu ilikuwa imeshiba, sitaha iko chini, na ikikimbia sana inatoa kumi na mbili. Chakula cha mezani kile.

Kabla ya kuingia tulifanya kazi siku mbili. Tulizungusha seng'enge ya wembe kwenye reli yote. Mabomba ya zimamoto tukayafunga yaelekee nje, maji yanamwagika usiku na mchana. Na tulitengeneza masanamu, msidhani natania, ni maelekezo yaliyokuwa yanatolewa kwa meli zote. Ovaroli limejazwa matambara, kofia ngumu juu, unalisimamisha kwenye reli ili kwa mbali waone kuna walinzi wengi. La kwangu mpishi wetu Mfilipino alilichorea masharubu, akalipa jina langu. Usiku wa kwanza nilipita karibu nalo nikalisalimia.

Siku ya pili alfajiri, doti kwenye rada. Kukapambazuka tukaiona: boti nyembamba, injini mbili, watu watano. Haina nyavu. Ngazi sikuiona, lakini nyavu pia sikuziona. King'ora kikalia, watu wote tukashuka kwenye chumba cha kujifungia kule nyuma chini, karibu na mitambo ya usukani. Tuliweka humo maji, biskuti, simu ya upepo na ndoo. Watu ishirini na wawili. Mlango wa chuma ukafungwa kwa ndani.

Dakika arobaini. Hakuna muziki, kwenye muvi kuna muziki. Kule ni mngurumo wa mitambo miguuni na joto. Mtu mmoja alikuwa anatafuna biskuti, kru, kru, kru, bosi wa sitaha akampokonya. Mwingine alijamba. Watu ishirini na wawili na hakuna aliyecheka, na mimi nimetoka ukoo wa watu wanaocheka hata makaburini. Nilikuwa nahesabu misumari ya mlangoni. Kumi na nane. Nikirudia kuhesabu napata kumi na saba.

Boti ile iligeuza. Pengine ni wavuvi wa Yemen walikuwa wanatafuta maji ya kunywa, pengine waliona seng'enge wakaghairi. Tulipanda juu, tukapika, tukala, tukataniana. Kila mtu akasema yeye hakuogopa.

Siku ya nne tukafunga kamba bandarini. Jua linawaka, winchi zinafanya kazi, mama mmoja anauza machungwa getini. Nimeshika kikombe cha chai. Chai yote ikanimwagikia mapajani, kikombe kikawa kinacheza chenyewe kama kuku aliyechinjwa. Hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenisemesha.

Kwa hiyo Mama Kibanda, wateja wako walitoka mapema. Lile tukio la mwisho ndilo sahihi kuliko yote mle ndani. Na yule dada anayemhudumia ni mhudumu wa afya wa jeshi la maji kweli, si mwigizaji, ndiyo maana maswali yake yamekaa kikazi vile, hayana huruma ya maigizo. Rudia bila tafsiri.

Habari ya steringi: melini tulikuwa na zamu, kila mtu masaa manne, mara mbili kwa siku. Yangu ilikuwa ile ya saa kumi alfajiri. Kama mwenye zamu hakulala, mnafika. Mtu wa namna hiyo hamumuoni kwenye muvi kwa sababu hakuna kinachotokea.

Kuna nyingine ya Wadenmark ya mwaka 2012, inaitwa Kapringen. Ndani mna mpishi wa meli, na bosi wa kampuni ambaye yuko ofisini kwake Copenhagen. Hakuna manowari wala kikosi maalumu. Ni simu tu, miezi inapita, maharamia wametaja dola milioni 15, kampuni inashuka, wao wanashuka, na kila anayeshuka upande huu, upande ule kuna mtu anapungua kilo. Risasi inasikika ndani ya simu, hujui imempata nani. Meli waliyoigizia iliwahi kutekwa kweli. Wagogo wenzangu kuna mahali mtacheka, pale mpishi anapolazimishwa kuchinja mbuzi na hajui hata anamshika wapi. Mimi nilicheka, halafu nikaona aibu.

—

Kijana wa Ihumwa:

Mzee shikamoo. Lile sanamu lenye masharubu liliishia wapi?

—

Baharia Mstaafu (Hombolo):

Marahaba. Nilitaka kuja nalo, wakaninyima. Sasa ninalo jingine kwenye shamba la zabibu, la kufukuza ndege. Halisaidii.

—

Msomi wa Chimwaga:

Nyongeza ndogo kwa wanaodhani haya yalikuwa mbali na sisi. Mwaka 2011 peke yake mashambulizi ya maharamia wa Kisomali yalihesabiwa 237. Mwaka 2013 yalikuwa 15. Kilichoyashusha ni manowari za mataifa, hizo seng'enge anazosema mzee, na zaidi walinzi wenye silaha kupanda melini. Na hayajaisha. Machi 2024 waliteka meli ya Bangladesh, MV Abdullah, ikiwa imebeba makaa ya mawe kutoka Msumbiji. Ilikaa mikononi mwao mwezi mzima.

Mzee, heshima yako. Nafuta niliyosema kuhusu swali kuwa na kasoro.

—

Mama Kibanda:

Mzee wa Hombolo shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, mara ya pili nilimsomea mtoto anayefagia.

Naleta ripoti. Jana Jumatano nimeirudia bila tafsiri. Nje niliandika kwa chaki: MUVI YA MELI, ORIJINO, KISOMALI KINATAFSIRIWA PAPO HAPO. Wameingia kumi na tisa. Mmoja hakulipa, naye ni kijana wa vipuri maana ndiye mtafsiri. Elfu tisa taslimu. Mafuta ya jenereta sijatoa, maana umeme ulikatika kabla hata meli haijaondoka bandarini.

Kijana nilimpa kiti cha plastiki karibu na ukuta. Mwanzo aliona haya, anatafsiri kwa sauti ya chini kama yuko msikitini. Wakaanza kumfokea apandishe. Walipoanza kugombana ndani ya boti ya kuokolea, mirungi imewaishia, yule mdogo mguu umechanika kwa vioo, kijana akasahau kutafsiri. Anaangalia tu. Mtu akamwambia, "Wanasemaje?" Akajibu, "Wamechoka." Nina uhakika walisema mengi zaidi, lakini hakuna aliyebisha.

Ile ya meli ya Wagiriki niliwasimamishia muvi, nikauliza banda zima kama alivyouliza Samaki wa Mtera: milioni sita ziko wapi? Yule fundi gereji mmoja, ambaye Jumamosi alikuwa anashangilia risasi, akasema, "Ziko kwa mwenye gereji."

Sasa risasi. Kabla hazijapigwa niliinuka nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa mbele yake na kopo langu. Zilipolia, wakashangilia kama kawaida wakaanza kuinuka. Nikawaambia leo mmetekwa nyote, hakuna kutoka mpaka nitakaposema. Mmoja akalalamika amebanwa mkojo. Nikamwambia bane.

Wakakaa. Nahodha akaingizwa kwa yule dada. Banda langu halijawahi kuwa kimya namna ile, jenereta nje ndiyo ilikuwa inasikika. Kuna muuza mkaa wa hapa mtaani, mtu mgumu, aliwahi kung'oa jino lake mwenyewe kwa koleo. Ameinama mbele, viwiko magotini. Yule nahodha alipokuwa anajaribu kujibu na sauti haitoki, muuza mkaa akasema kwa nguvu, anamwambia dada wa ukutani: "Mpe maji kwanza!"

Nikafungua komeo. Aliyebanwa mkojo alikuwa wa mwisho kutoka.

Mzee wangu, sasa hiyo ya mpishi na mbuzi naipataje? Kijana wangu wa flashi anasema hajawahi kuisikia. Nilimsisitizia ni ya meli, ya Wadenmark, akaniambia nimwachie. Leo asubuhi ameniletea moja kweli ina meli. Ina na papa mwenye vichwa vitatu.